Kisicho na Nafasi Hudondoka: Historia Fupi ya Kugeuza Mafaili, kutoka Kisenyi

Zamu ya insha imetufikia sisi wa kundi la kompyuta. Wenzetu wameshaandika juu ya vita, safari na kambi. Sisi tumechagua historia ya mafaili. Tunajua kuna watakaocheka. Chekeni, lakini someni hadi mwisho, maana kuna mama mmoja alihama nyumba kwa sababu ya faili tuliloligeuza sisi wenyewe. Yeye ametupa ruhusa kusimulia, na tumebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.

Ilikuwa Juni 2021, Uganda imefungwa mara ya pili kwa sababu ya korona. Hapa Kisenyi, njia ya kwenda Owino ambayo siku zote watu wanasukumana ilikuwa nyeupe kabisa. Sisi vijana wa kujitolea, wengine tulioanzia kambini Nakivale na wengine tuliokulia hapa hapa mjini, hatukuweza kuzitembelea familia. Tukasema basi, tutapiga simu. Mwenzetu mmoja aliyejifunza programu kwa YouTube akatengeneza kiprogramu kidogo cha kupanga simu. Kiprogramu kile kilikuwa kinasoma faili moja la mipangilio: familia gani ipigiwe, kwa lugha gani, ndugu zao wako nchi gani.

Likatokea shirika moja likasema litasaidia muda wa maongezi na watu wa kupiga, mradi faili letu liingie kwenye mfumo wao. Letu lilikuwa limeandikwa kwa YAML. Mfumo wao ulitaka JSON. Tukaligeuza usiku kwa amri ya mstari mmoja, haikufika hata sekunde. Tukapongezana, tukalala. Kesho yake saa nane mchana mama yule akapigiwa simu, na yeye ndiye mtu ambaye hakutakiwa kupigiwa mchana hata siku moja.

Tutarudi kwake. Kwanza twende kwenye historia, kwa sababu bila historia hamtaelewa kosa letu liliingilia wapi.

KWA NINI MAFAILI HAYASEMI LUGHA MOJA

Ile skrini nyeusi ya kuandika amri, ambayo wengi mnaiogopa, ina umri kuliko sisi wote. Mwaka 1973, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson aliingiza kwenye mfumo wa Unix wazo la mwenzake Doug McIlroy. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: tengeneza programu ndogo ndogo, kila moja ifanye kazi moja, halafu ziunganishwe kwa bomba, hii ikimaliza inampa inayofuata. Ni kama vijana wanavyopokezana matofali kwenye ujenzi. Hakuna anayebeba tofali kutoka chini hadi juu peke yake.

Lakini bomba linapitisha maandishi tu. Halijui kama "0755" ni namba ya nyumba, ni pesa au ni saa. Kujua hilo, lazima kuwe na makubaliano ya namna ya kuandika. Na hapo ndipo watu wakagawanyika.

Mwaka 1986 ulitoka mfumo wa kimataifa unaoitwa SGML, mzito, wa mashirika makubwa. Februari 1998 akatoka mtoto wake, XML. XML inafungua na kufunga kila kitu: ukiandika <jina> lazima ufunge </jina>. Ni ndefu na inachosha, lakini ni kali. Ukisahau kufunga, inakataa palepale.

Mwaka 2001 wakazaliwa wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni JSON, ya Mmarekani Douglas Crockford, nyepesi, iliyotengenezwa ili kompyuta zizungumze zenyewe kwa zenyewe kwenye intaneti. Wa pili ni YAML, ya Clark Evans, Ingy döt Net na Oren Ben-Kiki, iliyotengenezwa ili jicho la binadamu lisichoke: mabano machache, mistari imepangwa kwa nafasi, unasoma kama orodha ya sokoni. Baadaye, mwaka 2013, Tom Preston-Werner akaleta TOML, kwa ajili ya mafaili ya mipangilio.

Kuna mambo mawili katika historia hiyo ambayo tungeyajua mapema, tusingeumiza mtu.

La kwanza: Crockford aliondoa maelezo ya pembeni kwenye JSON makusudi. Kwenye YAML unaweza kuweka alama ya # halafu ukaandika lolote kwa ajili ya binadamu mwenzako, kompyuta inaruka. Crockford aliona watu wanaanza kuficha maagizo ya kompyuta kwenye maelezo kama hayo, akaogopa faili moja litaanza kusomwa tofauti huku na kule. Akayafuta. Alikuwa na sababu nzuri. Lakini maana yake ni kwamba JSON haina pa kuweka neno la pembeni.

La pili: YAML inapenda kubahatisha. Ukiandika yes au no bila alama za nukuu, toleo lake la 1.1 la mwaka 2005 linasema, aha, huyu anamaanisha kweli au si kweli. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, inaichukua kama hesabu ya msingi wa nane. Mwaka 2009 toleo la 1.2 likarekebisha haya. Tatizo ni kwamba programu nyingi zinazotumika hadi leo bado zinafuata lile la zamani.

KOBO NA ONA

Sasa msidhani haya ni mambo ya Marekani tu. Historia hii inapita kwenye barabara zetu.

Wengi wenu mmeshahojiwa kwa KoboToolbox, au ninyi wenyewe mmehoji. Je, mnajua jina limetoka wapi? "Kobo" ni neno la Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, maana yake ni kuhamisha kitu. Waanzilishi wake, Phuong Pham na Patrick Vinck, walikuwa wakifanya utafiti kwa watu walioteswa na vita vya kaskazini, na pia mashariki mwa Congo, kwetu wengi. Ulikuwa wakati wa dodoso za karatasi. Karatasi inalowa, inapotea, na halafu mtu anakaa wiki nzima kuiandika upya kwenye kompyuta. Wakatafuta njia ya kuhamisha majibu moja kwa moja. Leo chombo kile kinatumika na mashirika ya misaada dunia nzima, na jina lake bado ni la Gulu.

Chini ya Kobo kuna kazi nyingine iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani: ODK, programu huria ya kukusanya data kwa simu za Android. Moja ya sehemu za mwanzo kuitumia ilikuwa magharibi mwa Kenya, kwenye mpango wa AMPATH wa Eldoret, watu wakienda nyumba kwa nyumba kupima VVU.

Lakini fomu ya ODK kwa ndani ni XML. Hebu fikiria mratibu wa mradi, hajasoma kompyuta, anatakiwa aandike XML kwa mkono, afungue na kufunga kila alama. Wachache waliweza. Suluhisho lilikuwa kugeuza: mtu aandike maswali yake kwenye jedwali la Excel analolijua, safu moja ya aina ya swali, moja ya jina, moja ya maneno, halafu kompyuta iligeuze jedwali kuwa XML. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa pyxform. Ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, halafu hadi 2018 iliyoitunza zaidi ni kampuni ya Ona, yenye ofisi Nairobi. Jina hilo hatuhitaji kuwatafsiria.

Kwenye skrini nyeusi amri yake ni hii tu:

xls2xform fomu.xlsx fomu.xml

Mstari mmoja huu umefungulia watu wengi mlango kuliko mafunzo mengi tuliyohudhuria. Na kwenye jedwali hilo hilo unaongeza safu ya Kiswahili, ya Kisomali, ya Kitigrinya, na fomu inabadilika lugha kwa kubonyeza. Kwa hiyo tusieleweke vibaya. Kugeuza mafaili ni kazi nzuri. Bila kugeuza, mama zetu wangehojiwa kwa Kiingereza mpaka leo.

USIKU ULE

Basi turudi chumbani kwetu Kisenyi. Faili letu lilikuwa na familia nyingi. Mfano wa familia moja ungeonekana hivi:

- namba: 0755
  lugha: so
  ndugu_nje: NO
  # ASIPIGIWE MCHANA. Simu inakaa kwa anayemtisha. Pitia kwa jirani.

Lugha so ni Kisomali. NO ni kifupi cha kimataifa cha Norwei, mtoto wake yuko Oslo. Maelezo ya mwisho tuliyaweka sisi wenyewe, kwa herufi kubwa, ili kila mmoja wetu ayaone akifungua.

Tulitumia Python, pamoja na programu ya PyYAML ambayo inafuata toleo la zamani. Mara ya kwanza amri ilikataa. Kulikuwa na tarehe za kuzaliwa, na JSON haina aina ya tarehe, kwa hiyo Python ikapiga kelele kwamba kitu hiki haiwezi kukiandika. Tukaziwekea tarehe alama za nukuu, tukarudia, ikakubali. Tukafurahi. Kumbe lile kosa lililopiga kelele ndilo lilikuwa la maana ndogo. Haya ndiyo yaliyotoka upande wa pili:

{"namba": 493, "lugha": "so", "ndugu_nje": false}

Angalieni vizuri. Namba 0755 imegeuka 493, kwa sababu ilisomwa kwa msingi wa nane. Na ubaya wake ni kwamba namba zenye 8 au 9 ndani hazikuguswa, maana msingi wa nane hauna tarakimu hizo. Tuliangalia familia tatu nne za juu kuhakikisha, zikawa ni zile zenye 8 na 9. Tukasema safi.

Norwei imegeuka false, yaani si kweli. Kwenye mfumo wa shirika ikasomeka kwamba mama hana ndugu nje.

Na onyo letu la herufi kubwa halipo. Halikuharibika, halikugeuka kitu kingine. Halipo kabisa, kwa sababu JSON haina pa kuliweka. Hakuna amri iliyotuambia.

Dada aliyepiga simu ile alikuwa mwema. Alifuata orodha iliyokuwa mbele yake. Simu ilipokelewa na yule ambaye hakutakiwa kuipokea, akauliza nani anampigia mke wangu na kwa nini. Jioni mama alifika kwa jirani na watoto wawili na mfuko mmoja. Baada ya siku chache akahamia mtaa mwingine.

Tulipokwenda kumwomba msamaha, alituuliza swali moja: "Mlisema mliandika. Sasa nani alifuta?"

Hatukuwa na jibu. Kweli tuliandika, na kweli hakuna aliyefuta.

WATU WALIGEUZWA KABLA YA MAFAILI

Tangu siku ile tumekuwa tukifikiri, na tukaona jambo hili sisi wakimbizi tunalijua zamani sana kabla ya kompyuta. Sisi wenyewe tumegeuzwa mara nyingi, kutoka fomu hadi fomu.

Chukua ndugu zetu Wasomali, ambao Kisenyi bila wao si Kisenyi. Oktoba 1972 serikali ya Somalia iliamua Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Katika maandishi hayo herufi c ni ile sauti ya ain ya Kiarabu, na x ni ile ha ya kooni. Kwa hiyo mtu anaandikwa Cali. Akivuka mpaka, karani anaandika Ali. Xasan anakuwa Hassan. Mtu ni yule yule, lakini ukitafuta Ali kwenye kompyuta, Cali haonekani. Kuna familia zimekaa foleni mara mbili kwa sababu ya herufi moja.

Au chukua Waeritrea na Waethiopia. Mtu ana jina lake na jina la baba yake, hakuna jina la ukoo. Fomu inataka jina la ukoo, na nafasi ile haikubali kuachwa wazi. Karani anaweka la baba hapo, na baba mwenyewe kwenye fomu yake anawekewa la babu. Sasa baba na mtoto kwenye mfumo ni kama hawahusiani.

Au tarehe ya kuzaliwa. Wangapi humu tuna siku ya kuzaliwa 1 Januari? Mama alisema ulizaliwa msimu wa mvua, mwaka ule wa mapigano. Fomu haina nafasi ya mvua. Inataka siku, mwezi, mwaka. Basi tunaandikwa 1 Januari wote.

Wakubwa pia wanajua kwamba orodha na watu ni vitu viwili. Mwaka 2018, baada ya maswali mengi juu ya hesabu ya wakimbizi, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na macho, kuanzia Machi hadi Oktoba. Hesabu ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi takriban milioni 1.1. Hatusemi tofauti ile ililetwa na kugeuza mafaili. Tunasema tu kwamba ilibidi watu wasimame wenyewe, mmoja mmoja, ndipo orodha iaminiwe.

Na hata wataalamu yamewakuta. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina ya baadhi ya jeni, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha sayansi kuliko kubadilisha Excel. Excel hiyo hiyo ndiyo inayokula sifuri ya mbele kwenye namba zetu za simu, na namba ya kitambulisho ikizidi tarakimu 15 inaziweka sifuri zile za mwisho.

Hivyo somo tulilolipata ni moja, na ndilo tumeliweka juu kama kichwa cha habari. Kila muundo una nafasi zake. Kisicho na nafasi hudondoka, na kinapodondoka hakitoi sauti.

TUNAVYOFANYA SASA

Hatujaacha kugeuza mafaili. Mwezi hauishi bila kazi hiyo. Ila tumejiwekea masharti, na tunawaomba na ninyi myachukue.

Kwanza, jambo la usalama wa mtu halikai kwenye maelezo ya pembeni. Linapewa nafasi yake rasmi, yenye jina, mfano asipigiwe_mchana: true. Likishakuwa na jina, litavuka.

Pili, kila namba ambayo hutaijumlisha wala kuitoa, iweke kwenye nukuu: "0755". Simu, namba ya nyumba, namba ya kadi, zote. Na vifupi vya nchi pia: "NO".

Tatu, faili la asili haliguswi. Unageuza nakala.

Nne, nenda halafu rudi. Kuna programu inaitwa yq, iliyotengenezwa na Mike Farah, inayofanya kazi hii vizuri:

yq -o=json orodha.yaml > orodha.json
yq -p=json -o=yaml orodha.json > rudi.yaml
diff orodha.yaml rudi.yaml

Ya kwanza inageuza kwenda, ya pili inageuza kurudi, ya tatu inakuonyesha tofauti kati ya ulichokuwa nacho na kilichorudi. Angalia tu, kuna programu nyingine yenye jina hilo hilo la yq na amri zake si hizi, kwa hiyo hakikisha unayo ipi. diff itaonyesha mistari mingi, mingine haina maana, nukuu tu zimebadilika. Isome yote. Tungelirudisha lile faili lililotoka kwenye PyYAML ile Juni 2021 na kulilinganisha na la asili, 493 ingeonekana, false ingeonekana, na lile onyo lingeonekana kwamba halikurudi.

Tano, wafanyakazi wa mashirika, hili ni lenu. Mkipokea orodha kutoka kwa kundi dogo kama letu, msiishie kuuliza "iko JSON?" Ulizeni pia, "kuna kitu kwenye faili lenu ambacho kwetu hakina nafasi?" Swali hilo halina gharama. Na kama kipo, tengenezeni nafasi kabla ya kupokea.

Sita, na hili linatuuma kulisema: onyo kama lile halikutakiwa hata kuwa kwenye laptopu ambayo watu sita tunaitumia. Sasa mambo ya aina hiyo yanashikwa na mtu mmoja aliyefundishwa, na kwenye faili la wote inabaki tu ile alama ya asipigiwe_mchana, bila sababu.

Mama yule bado tunawasiliana naye. Mwaka jana alituletea binti yake ajifunze kompyuta. Somo lake la kwanza hatukumpa Word wala Excel. Tulimpa faili lile la mfano mliloliona hapo juu, tukamwambia aligeuze, halafu atutajie vitu vitatu vilivyopotea. Alivipata viwili haraka. Cha tatu alikitafuta mpaka stima ikakatika. Ilipowaka akaanza upya kusoma mstari kwa mstari, akakipata.

Mwenye faili la kugeuza na hana uhakika, aje Jumamosi. Njoo na faili la asili, usije na nakala peke yake.